Mwalimu, kabla hujakodi kosta pima kuni za jikoni kwenu

Mwalimu mmoja wa fizikia wa shule ya kata maeneo ya Chimala, Mbarali, ameniandikia hivi, nimefupisha kidogo:

“Shikamoo mtaalamu. Nina wanafunzi 56 wa kidato cha pili, nataka niwapeleke Mbeya kwenye kituo cha kujifunzia nishati safi, kile cha kushika vifaa wenyewe. Mwaka jana tulienda na darasa lililotangulia, watoto walifurahi sana, picha kibao, ila wiki iliyofuata nikawauliza mmejifunza nini wakaniambia tumeona sola. Basi, imeishia hapo. Wazazi walichanga kwa shida na mwaka huu wengine wanasema ile ni matembezi tu. Niwapeleke au niache? Na kama ni kuwapeleka nifanyeje ili iwe na faida?”

Marahaba mwalimu, habari za Chimala. Wapeleke. Ila hiyo “tumeona sola” ndo ugonjwa wenyewe, na dawa yake haipo kituoni, ipo hapo hapo shuleni kwenu, jikoni, tena inaanza wiki mbili kabla ya safari.

Mimi kazi yangu ni ufundi umeme na kwa miaka mingi nimekuwa napokea makundi ya shule kwenye eneo letu la mafunzo hapa Mbeya, kuanzia wa msingi mpaka wa vyuo. Kuna shule moja, siitaji, ilikuja siku moja na watoto zaidi ya mia kwa mpigo, wameamka saa tisa usiku, wamefika saa nne wana njaa, na mwalimu wao ananiambia tuna saa moja na nusu maana gari inawahi kurudi. Nikasimama mbele nikaongea dakika arobaini. Wa mbele walisikia, wa nyuma walikuwa wanaangalia magari barabarani, na tulipofika kwenye baiskeli ya kuzalisha umeme wakaipanda wavulana watatu wenye nguvu, wakashindana, mnyororo ukakatika. Waliobaki hawakugusa hata waya. Kuna binti mmoja alikuwa amesimama pembeni na daftari lake limefunguliwa, kalamu mkononi, hajaandika neno hata moja, nikamuuliza vipi mbona huandiki, akaniambia sijui niandike nini. Ile sentensi sijaisahau, na kila ninachokwambia hapa kinatokana nayo. Mtoto akifika bila swali anaangalia tu, na akiangalia tu atarudi na “tumeona sola”.

Tena hili wenzetu walishalipima. Mwaka 1978 huko Marekani, John Falk na wenzake walichunguza watoto wanaopelekwa ziara za masomo, wakaona kwamba mtoto akiwekwa sehemu ngeni kabisa akili yake kwanza inahangaika na ule ugeni wenyewe, mahali palivyo, njia, vitu, na lile somo ulilomkusudia linabaki nyuma. Haina maana kwamba ni mtukutu au hasikii. Kwa hiyo watoto wako wajue mapema wanaenda wapi, watafika saa ngapi, watakula nini na wapi, choo kiko upande gani, meza ya kwanza ina kifaa gani. Kama una simu muombe mtu wa kituoni akutumie picha tano, uwaonyeshe darasani. Inaonekana jambo dogo ila ndo linafungua kichwa.

Sasa twende jikoni. Jumatatu moja chukua kundi la watoto, azima mzani wa kupimia mpunga, hapo kwenu haukosekani, mpime kuni zote kabla wapishi hawajawasha moto, halafu chakula kikishaiva mpime zilizobaki. Muandike na maji waliyobandika ni lita ngapi, wanafunzi waliokula ni wangapi, wamewasha saa ngapi wakaipua saa ngapi. Fanyeni siku tatu mana siku ya makande na siku ya ugali hazilingani hata kidogo.

Afu mpige hesabu. Kilo moja ya kuni kavu ina nishati ya megajuli kama 16, ukigeuza kwa lugha ya luku ni zaidi ya uniti 4. Tuseme mfano tu mmechoma kilo 60, hizo ni megajuli 960, karibu uniti 267. Haya, na maji lita 150 kuyatoa nyuzi 22 hadi yachemke yanataka megajuli karibu 47, uniti kama 13. Waache watoto wazitazame hizo namba mbili ubaoni, 267 na 13, ukae kimya kwanza, usiwape jibu. Ni kweli chakula hakiishii kuchemka, kinatakiwa kitokote muda mrefu, na kuni zenyewe mara nyingi ni mbichi kwa hiyo sehemu ya moto inaishia kukausha maji yaliyomo ndani ya kuni, lakini hata ukiongeza hayo yote bado kuna shimo kubwa. Ile nishati imeenda wapi? Imeenda kwenye moshi, kwenye mafiga, kwenye hewa, kwenye macho ya mama mpishi. Hilo ndo swali la kubeba kwenda Mbeya, na ni la kwao wenyewe, hawakulikuta kwenye kitabu. Na ni swali la nchi nzima pia, mana ule mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034 unataka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi, na jiko la shule yenu nalo limo humo.

Kituoni usikubali kuzungushwa kila meza. Najua wenyeji watataka kukuonyesha kila kitu walichonacho na wanafanya hivo kwa upendo, ila wewe chagua meza nne tu, dakika 35 kila moja, zingine wapite kwa macho wakati wa kutoka. Mimi ningechagua baiskeli, maji, sola na jiko. Upepo na joto la ardhini mara nyingi vinakuwa kwenye mchoro au modeli ndogo, siyo vibaya, ila mkono haupati kazi.

Baiskeli naipenda kuliko zote. Mtoto anakaa, anaanza kukanyaga, mwenzake anasoma mita. Kwanza mnaunganisha taa ya LED ya wati 9, inawaka vizuri, mtoto anacheka anasema mbona rahisi. Halafu fundi anageuza swichi kwenda kwenye balbu ya zamani ile ya waya, wati 60. Hapo hapo miguu inakuwa mizito kama amepanda mlima Igawilo amebeba gunia, na mwanga ni ule ule karibu, tofauti ni kwamba balbu sasa inaunguza vidole. Usimwambie kitu kabla, muulize yeye: hizo wati zingine ulizokanyaga zimeenda wapi? Akishagusa joto la ile balbu atajibu mwenyewe, na hapo mwalimu mwambie sasa zikumbuke kuni za Jumatatu. Umeona? Ni swali lile lile.

Kisha wapige hesabu ya luku. Mtu mzima mwenye afya akikanyaga kwa muda anaweza kushikilia wati 75 mpaka 100. Tuchukue 100, ina maana ili upate uniti moja unakanyaga saa kumi. Saa kumi, kwa uniti moja ambayo nyumbani inaisha wakati mtu anachemsha maji ya kuoga anaongea na simu. Birika la umeme la wati 2,000 linataka watu wazima 20 wanakanyaga kwa pamoja. Nimeona watoto wakisikia hiyo wanageuka wanatazamana, na kuna mmoja kutoka Uyole mama yake alikuja kuniambia siku hizi huyu anazima taa za nyumba nzima.

Meza ya maji nayo usiiharakishe. Mnachukua ndoo ya lita 20, mnaipandisha juu mita 2, mnaifungulia maji yashuke kwa bomba yapige gurudumu linalozungusha dainamo. Ndoo hiyo ina juli karibu 390. Taa ya wati 3 kwa hesabu ya karatasi ingewaka dakika mbili na ushee, kwa hesabu ya kweli ukipata sekunde 20 au 30 umefanya vizuri, na watoto watalalamika kwamba wamepanda ngazi na ndoo nzito kwa sekunde 20 tu! Waache walalamike, ndo wanajifunza kwamba kinachotoa nguvu ni uzito wa maji na urefu yanaposhukia. Sasa wape Kihansi. Ule mtambo uko kwenye ukingo wa milima ya Udzungwa, mpakani mwa Iringa na Morogoro, una megawati 180 na maji yake yanashuka karibu mita 850. Ndoo ile ile ya lita 20 kule ina juli zaidi ya 166,000. Ukichukua juli 3,600,000 ambazo ndo uniti moja, ukagawanya kwa hizo 166,000, unakuta ndoo kama 22 zinatosha uniti, kabla ya kuhesabu kinachopotea kwenye mtambo. Kwa kukanyaga ni saa kumi na kwa Kihansi ni ndoo 22. Mtoto aliyebeba hiyo ndoo mwenyewe akapanda nayo ngazi haisahau hiyo namba.

Kuna kituo maarufu cha mambo haya huko Wales, karibu na mji wa Machynlleth, kilianza 1973 kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa, na wao walijenga kibehewa cha kupandisha wageni mlimani kwa uzito wa maji tu: cha juu kinajazwa maji, kinakuwa kizito, kinashuka na kamba yake inakivuta cha chini kipande. Watoto wako wanaweza kutengeneza kidogo kama hicho kwa chupa mbili za maji, kamba na roda ya kisimani. Hakuna umeme hapo, hakuna gharama, na mada ya mashine rahisi mnaimaliza siku hiyo hiyo.

Na hapa kwenye maji, mwalimu, nyie wa Mbarali mna kitu ambacho shule za mjini hawana. Mto unaopita kwenu ndo huo huo unaozungusha mitambo mingine mikubwa ya umeme nchini. Maji yanashuka kutoka milima ya Kipengere, yanaingia bonde la Usangu, yanapita mashamba ya mpunga na Ihefu, yanakuwa Ruaha Mkuu, yanakatiza hifadhi ya Ruaha, yanafika Mtera ambako tangu 1988 kuna mtambo wa megawati 80, yanatoka hapo yanashuka Kidatu kwenye megawati 204, kisha yanaungana na Rufiji na kukutana na Bwawa la Julius Nyerere lenye mitambo tisa, jumla megawati 2,115. Maji yale yale yanafanya kazi mara tatu baada ya kuwaaga nyie. Chora hiyo kwenye karatasi kubwa, anza na mfereji wanaoujua kwa jina, kila mtoto aweke alama nyumbani kwao. Waambie pia kwamba tangu 1993 mto huo umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya hifadhi, na kwamba mfereji ulioachwa wazi usiku baada ya shamba kushiba unahusiana na taa ya mtu wa Dodoma. Ila tafadhali sana, usilifanye kwa namna ya kuwafanya wajione watoto wa wakosaji. Wazazi wao wanalisha nchi kwa huo mpunga. Liweke kama swali la kugawana: maji kiasi gani kwa mpunga, kiasi gani kwa wanyama, kiasi gani kwa umeme, nani anaamua. Utashangaa watoto wa wakulima wanavyolijadili kwa akili.

Na waambie ukweli kwamba nishati safi nayo ina gharama zake. Kihansi hiyo hiyo ilipochepusha maji, yale manyunyu ya maporomoko yakapungua, na kulikuwa na chura mdogo aliyegunduliwa 1996 ambaye alikuwa anaishi pale tu kwenye manyunyu, hakuna sehemu nyingine duniani. Mwaka 2009 akatangazwa ametoweka porini. Aliokolewa kwa sababu wengine walikuwa wameshapelekwa kulelewa kwenye bustani za wanyama za Bronx na Toledo, Marekani, na kuanzia 2012 wakaanza kurudishwa Kihansi, wakiwekewa mabomba ya kunyunyiza maji. Mtoto anayejua hilo atauliza maswali mazuri zaidi kuliko anayeambiwa safi safi safi.

Sola ndo meza yenye imani potofu nyingi. Uliza darasa zima kabla hamjaondoka: sola inataka joto au mwanga? Wengi watasema joto, hata watu wazima, ndo mana utasikia mtu wa Makete anasema sola siyo ya huku kwetu baridi. Muandike nani kasema nini. Mkifika, muombe fundi apime volti za paneli iliyokaa juani muda mrefu mpaka imekuwa ya moto, halafu wamwagie maji kidogo yasiyo baridi sana ipoe, wapime tena. Namba inapanda! Paneli za kawaida zinapoteza kama asilimia 0.4 ya nguvu kwa kila nyuzi moja inayozidi 25, kwa hiyo ile Juni yetu ya nyanda za juu, jua kali anga safi na baridi inakata masikio, ndo hali ambayo paneli inaifurahia. Baada ya hapo mtoto mmoja aweke kiganja kwenye kona ya paneli, kiganja kimoja tu, waone umeme unavyoporomoka kupita ukubwa wa kiganja, kwa sababu zile seli zimefungwa kwa mfuatano, moja ikizibwa inawabana wenzake. Baada ya hapo hata tawi la mwembe juu ya paneli ya zahanati ya kijiji watalitazama tofauti, na pengine watalikata.

Meza ya nne ni jiko. Hapa kuna jaribio zuri sana ambalo nyie mnaweza kulifanya kwa sababu mnatoka bondeni. Chemsheni maji Chimala, mpime kwa kipimajoto, mtapata nyuzi 96 hivi. Bebeni kipimajoto hicho hicho, mchemshe Mbeya mjini, kama mita 1,700 juu ya bahari, mtapata 94 hivi. Maji yanatokota lakini hayana joto lile, ndo mana maharage ya huku juu yanachelewa kuiva na kuni zinaisha. Halafu waone jiko la presha la umeme linavyofanya kazi, ndani joto linapanda nyuzi 110 hivi, maharage nusu kilo yanaiva na kipimo cha umeme mara nyingi hakifiki nusu uniti. Uwe mkweli kwamba hilo ni jiko la familia, haliwezi kulisha shule. Kwa shule yenu maswali ni mengine, gesi, jiko sanifu lenye bomba la moshi, bayogesi kama kuna ng'ombe wa kutosha, au zile pumba za mpunga ambazo hapo kwenu zinachomwa bure nyuma ya mashine za kukoboa, kama zinaweza kugandamizwa zikawa mkaa mbadala. Watoto wamuulize mtu wa kituoni, kila mmoja na namba zake za kuni mkononi, siyo swali la hewani.

Na kwenye meza hiyo naomba jambo moja lisemwe hata kama muda umeisha. Huku kwetu Juni na Julai watu wanaingiza jiko la mkaa chumbani wapate joto, wanafunga madirisha, wanalala. Kaboni monoksaidi haina harufu, haina rangi, haikohozi mtu. Wanakutwa asubuhi. Kila mtoto atoke hapo akijua kwamba jiko la mkaa halilali na watu, akawaambie na wa nyumbani. Hata kama wangesahau yote niliyoandika hapa wakabaki na hilo tu, nauli imelipa.

Makundi sasa. Una watoto 56, usiwapeleke wote siku moja. Kosta inabeba kama 30, kwa hiyo ulikuwa unahitaji mbili vyovyote vile, basi zitenganishe siku, 28 Jumanne na 28 Alhamisi, gharama ya gari ni ile ile ila kituoni unapata makundi manne ya watu saba kwa meza nne. Saba ni idadi nzuri mana hakuna wa kujificha nyuma. Kila mtu awe na kazi: mmoja anakanyaga au anabeba, mmoja anasoma mita, mmoja anaandika, mmoja anashika saa, wengine wanauliza, na mkihama meza kazi zinabadilishana. Hili la kubadilishana lisimamie wewe mwenyewe kwa sauti. Bila hivyo wavulana watakamata vifaa na wasichana watapewa daftari, nimeiona kila wiki, na siyo kwamba wasichana hawataki, ni kwamba hawapewi nafasi. Anza na msichana kwenye baiskeli. Na waruhusu waongee Kiswahili kwenye meza, najua darasani fizikia ni Kiingereza, ila mtoto anayetafuta neno hawezi kutafuta na wazo kwa wakati mmoja. Maneno ya mtihani mtayaweka mkirudi.

Kuhusu mchango, mwalimu, hapa nasema kwa uchungu kidogo. Usimuache mtoto kwa sababu hakuleta hela. Ziara ya watoto 40 waliolipa na 16 waliobaki wanachungulia dirishani inafundisha kitu kibaya kuliko chochote cha nishati. Wazazi wa Mbarali wakati wa mavuno wanaweza kutoa mpunga badala ya hela, shule ikauza, nimeona inafanyika. Chakula bebeni cha kwenu, wapishi wafunge wali na maharage asubuhi, msinunue chipsi Mwanjelwa. Na kwenye kikao cha wazazi usiende na maneno, nenda na zile namba za jikoni, waonyeshe kilo za kuni na hela ya kuni kwa mwezi, waambie watoto wenu wanaenda kutafuta namna ya kuipunguza hii. Mzazi aliyesema ni matembezi ataelewa haraka.

Mambo ya kibali unayajua: barua ya mkuu wa shule kwenda kwa mkurugenzi kupitia afisa elimu sekondari, fomu za ridhaa za wazazi, barua ya kituo mapema, na useme wazi kwenye hiyo barua mnataka meza zipi na kwamba mnakuja na maswali. Gari likaguliwe, dereva apumzike, na hiyo barabara ya TANZAM yenye malori mchana kutwa msiitembee usiku hata mkisukumwa na nini. Muondoke saa kumi na mbili asubuhi, saa tisa mchana mmeshageuza. Epuka masika na epuka wiki za karibu na mtihani wa kidato cha pili.

Mkirudi usiwape insha ya “ziara yetu”. Siku inayofuata, mapema kabla haijapoa, warudi jikoni. Kila kundi lichague badiliko moja ambalo halihitaji hela nyingi, mfano kukausha kuni wiki kadhaa chini ya bati kabla ya kuzichoma, au kufunika masufuria muda wote, au kuloweka maharage usiku, au kuziba pembeni ya sufuria upepo usipite. Wajaribu, wapime kwa mzani ule ule, waandike. Hapo ndo utajua kama ziara imefanya kazi, namba ikishuka imeshuka, isiposhuka wajue kwa nini.

Na ikitokea hela haikutosha kabisa, usikate tamaa, meza mbili kati ya nne unaweza kuzijenga hapo shuleni. Dainamo ya baiskeli ya volti 6 wati 3 kwa fundi baiskeli, mita ya umeme ya kuazima kwa fundi redio, gurudumu la vijiko vya plastiki, ndoo na bomba. Nanenane nayo, viwanja vya John Mwakangale hapa Mbeya, Agosti taasisi nyingi zinaleta vifaa, ni nafasi ya kuwaomba waoneshe kundi lako peke yake asubuhi kabla watu hawajajaa. Mufindi wekeni akiba kwa mwaka mwingine, kule Mwenga kuna mtambo wa maji wa megawati 4 na mitambo ya upepo ya megawati 2.4 inayoonekana kwa mbali ikizunguka, ila kutoka Chimala ni safari ya kulala, usiichanganye na hii.

Ukishapima kuni niandikie: kilo ngapi, wanafunzi wangapi walikula, na zilikuwa kuni za mti gani, mbichi au kavu. Nitakusaidia kutengeneza karatasi ya maswali ya lile kundi la jiko, mana ndo litakuwa na kazi nzito kuliko mengine.